Wasemaji wa Dobi Kubwa

Dobi Kubwa, Westlands,
Nairobi
10 Machi 1957

Kwa ndugu yangu mpendwa Shee bin Lali,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote uliowaacha hapa. Mimi mzima, ila kazi imebadilika. Tangu uende Mombasa kumwuguza mama, kiti chako cha unyapara kiko tupu. Bwana Miwani, Mzungu wetu, anasema hapana haja ya nyapara tena, maana ametuletea kitu mbili mpya: rola na baraza.

Rola ni mashine ya kunyoosha mashuka. Ni magogo mawili ya chuma yenye moto wa mvuke, yanazunguka yamebanana. Unaingiza shuka likiwa na maji upande huu, linatoka kavu upande ule. Wale wenye pasi za makaa wengi wamefukuzwa. Hoteli karibu zote za mjini zinaleta kwetu sasa, na nyumba za Wazungu za Muthangari pia. Mbele ya magogo kulikuwa na chuma cha kuzuia vidole, lakini Bwana alikifungua akakiweka stoo. Alisema kinachelewesha kazi.

Baraza nalo ni hivi. Asubuhi moja alitupanga uani akasoma majina manne, langu likiwa la kwanza. Akasema hawa ndio wajumbe wa wafanyakazi, watakuwa wanakaa na yeye kila mwezi kumwambia shida zenu. Sitakudanganya, nilifurahi. Nilimwandikia Peres nyumbani kwamba mume wake anakaa kiti mbele ya Mzungu. Lakini kikao cha kwanza tulipata sukari katika chai ya saa nne, basi. Nilipotaja watu waliofukuzwa, Bwana alisema hayo si mambo ya baraza.

Unamkumbuka Namalwa, yule mama mjane kutoka Kimilili anayekunja mashuka? Siku hizi yeye ndiye analisha rola. Aliniuliza mbele ya watu: "Nashon, wewe unasema kwa niaba ya nani?" Watu walicheka.

Wewe ulikaa na Wazungu miaka mingi na hukugombana nao wala hukuwaogopa. Nifundishe.

Ni mimi ndugu yako,
Nashon Odero


Majengo, Mombasa
19 Machi 1957

Kwa mdogo wangu Nashon,

Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama anaamka, anakaa, na akiona jua anaomba atolewe barazani aamkiane na wapita njia. Mimi nipo, riziki inapatikana kwa kadiri yake Mola.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Hilo swali la Namalwa usilichukie, maana ndilo ufunguo. Ukienda mbele ya Bwana, neno lenye nguvu ni "sisi." Lakini "sisi" huwezi kulitamka mpaka wenzio wakupe. Bwana amekupa kiti tu, na kiti hakina ulimi. Nenda kwa wenzio, uwaambie: mimi niliteuliwa, sikuchaguliwa, ikiwa hamnitaki, mchagueni mwingine. Wakikuchagua, hapo utakuwa mjumbe, na waliosema mjumbe hauawi hawakukosea.

Tena usianze na mambo makubwa. Anza na kile chuma. Mtu akiomba asikatwe mkono, nani atamwita mkorofi?

Wasalaam,
Shee bin Lali


Nairobi
9 Aprili 1957

Kwa kaka yangu Shee,

Nimefanya ulivyosema. Unajua hii Hali ya Hatari ya serikali, watu wakikusanyika bila ruhusa askari wanakuja. Basi Jumapili baada ya ibada tulishuka kwenye mto kule Muthangari, kama watu wanaongoja ubatizo. Nzula, yule wa mapipa ya sabuni, alikuja na Biblia ingawa hajui kusoma. Niliwaambia yale maneno yako. Nikaona nimejimaliza mwenyewe. Halafu Nzula akasimama nyuma yangu. Mwingine akaja, na mwingine. Namalwa hakuja nyuma yangu. Alisimama peke yake kando, na wanawake wote wa kukunja wakaenda nyuma yake, na wanaume kadhaa. Kwa hivyo tukawa wajumbe wawili, na wale watatu wengine wa Bwana wakakaa kando.

Tulipoingia barazani, Bwana Miwani alimtazama Namalwa akauliza ameleta chai. Nikamwambia, sisi tumemchagua. Akasema baraza lake halina kiti cha mwanamke. Namalwa akajibu kwamba anaweza kusimama, amezoea kusimama siku nzima. Akasimama kweli mpaka mwisho.

Tuliomba mambo matatu: chuma kirudi kwenye rola, mtu asifukuzwe kabla hajasikizwa, na wajumbe wachaguliwe na wafanyakazi. Bwana aliandika, akasema atafikiri. Uso wake ulikuwa umebadilika. Tulipotoka alinizuia mlangoni akaniambia nilikuwa mtu mzuri kabla sijaanza kusikiliza maneno mingi ya watu.

Asipojibu, vijana wanasema tuache kazi. Mimi nawatuliza. Kaka, nafurahi na ninaogopa kwa wakati mmoja. Mtu akifukuzwa hapa anapoteza nyumba na ruhusa ya kukaa Nairobi siku hiyo hiyo. Niambie tufanye nini.

Nashon


Mombasa
25 Aprili 1957

Kwa Nashon,

Salamu. Tuko katika mfungo na mwili hauna nguvu ya maneno mengi, kwa hivyo niwie radhi.

Naona mnakwenda mbio. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga. Huyo Bwana ana serikali nyuma yake, nanyi mna nini? Kuomba mmeomba, sasa subirini. Miezi miwili au mitatu si kitu. Watu wengi hawana kazi siku hizi, na penye mlango ulio wazi hapakosi mtu wa kuingia.

Lakini kama hapana budi, na vijana wakikushinda, basi niarifu. Mtaacha kazi siku gani? Nipe habari mapema.

Mama anakusalimu.

Shee


Nairobi
28 Mei 1957

Kwa kaka Shee,

Barua yako ya mwisho ilinishangaza kidogo. Nilisema labda ni njaa ya mfungo. Tulisubiri kama ulivyotaka, na sasa nakuandikia jambo baya.

Wiki iliyopita Namalwa alikuwa analisha rola mashuka ya hoteli. Pindo moja lilijikunja, akapeleka mkono kulinyoosha, na mashine ikamshika vidole. Swichi iko mbali, nyuma ya mapipa ya sabuni. Nzula alikimbia, akaanguka kwenye maji, akaamka. Mashine ilipozimwa, mkono yake ya kulia ilikuwa imeingia mpaka kwenye kiwiko. Kaka, alilia mara moja tu. Baadaye alituambia tuzungushe magogo kinyumenyume kwa mkono, pole pole, na yeye mwenyewe ndiye alikuwa anatuelekeza.

Hospitali wameokoa mkono lakini vidole vimejikunja na havifunguki. Bwana aliita baraza. Aliuliza kwa nini mwanamke huyo hakuangalia. Nikasema, "Bwana, sisi tulikuambia." Akasema baraza si mahali pa kulaumiana. Halafu akatangaza kwamba Namalwa hafai kazi tena, na aondoke katika chumba chake wiki hii. Chuma bado kiko stoo. Amemweka msichana mwingine kulisha rola.

Jioni hiyo hakuna aliyenisukuma. Mimi mwenyewe ndiye nilisema tuache kazi. Uliniuliza siku. Ni Jumatatu, tarehe tatu Juni, asubuhi. Tutakuja kama kawaida, na honi ikilia tutakaa nje ya lango, bila fimbo na bila matusi. Hoteli za mjini haziwezi kukaa wiki bila mashuka. Wewe peke yako nje ya dobi ndiye unajua. Tuombee kwa dini yako, nasi tunaomba kwa yetu.

Nashon


Nairobi
4 Juni 1957

Bwana Shee bin Lali,

Jana asubuhi kabla ya honi, lori la dobi lilitoka stesheni ya reli likiwa limejaa watu wa pwani, kofia zao kichwani na mabegi mkononi. Aliyeshuka wa kwanza ni mdogo wako Mabruki. Nilimjua kwa sababu ulimleta hapa mwaka juzi nikamlaza katika kitanda changu. Bwana Miwani alikuwa amesimama langoni na askari wawili. Alikuwa anatungoja. Mabruki alinitazama, akaangalia chini, akaingia. Rola ilizunguka siku nzima tukiisikia, Namalwa naye yuko nasi nje, mkono umefungwa.

Uliniuliza siku gani. Nikakuambia.

Watu wananiuliza Bwana alijuaje. Sijawajibu, kwa sababu naona aibu kutaja jina lako.

N. Odero


Mombasa
6 Juni 1957

Ndugu yangu Nashon,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimeketi chini. Soma yangu mpaka mwisho, kisha fanya utakalo.

Mwezi wa Aprili Bwana Miwani aliniandikia. Alisema anahofia fujo, akanitaka nimwekee tayari vijana, naye atanirudishia unyapara pamoja na nyumba. Ilinipasa kukuandikia siku ile ile. Sikukuandikia. Nilikuambia riziki inapatikana, haipatikani. Mabruki na wenziwe hukaa nje ya bandari tangu alfajiri kungoja kuitwa, hurudi mchana hawakuitwa, na mama anataka dawa. Nilimwambia Mabruki habari za ile barua, sikumkubalia Bwana wala sikumkatalia. Nilikuuliza siku kwa kuwa nilitaka kujua nina muda gani wa kuamua. Huo ndio ukweli, na haunipambi.

Ilipofika barua yako yenye habari za mkono wa Namalwa, moyo wangu ulikata shauri. Nikamwita Mabruki, nikamwambia, "Hata Bwana akiwaita, Jumatatu msiende." Nilidhani nawazuia, kumbe nimewapa siku. Akatoka moja kwa moja hadi posta akampigia Bwana simu ya maandishi. Nilipojua, treni ilikwisha ondoka nao. Sikuiuza siku yako, Nashon, lakini ilitoka kinywani mwangu.

Vijana wenyewe hawakuambiwa kuna mgomo. Mabruki pekee alijua, na mengine ya rola hakuna aliyemweleza. Mama hawezi kuachwa, ningekuja. Nimetia humu barua ya kumpa Mabruki. Wanalala ndani ya dobi, na barua za posta za walio ndani zinapita kwa karani wa Bwana. Hakuna awezaye kumfikishia ila mtu aliye langoni. Sikuifunga, uisome. Ukiona haifai, ichane.

Shee


Kwa Mabruki bin Lali, langoni

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu na hajui uliko. Nimemwambia umepata kazi, wala sijamwambia kwa njia gani.

Mashine unayoilisha ilikuwa na chuma mbele kinachozuia mkono. Uliza kiko wapi. Uliza pia aliyesimama hapo kabla yenu. Anaitwa Namalwa, yuko nje ya lango na mkono umefungwa, nenda ukamtazame. Aliyekupa barua hii ni Nashon, ambaye ulilala kitandani mwake.

Sikuamuru utoke. Najua ulivyokuwa ukirudi kutoka bandarini, na tumbo lako si langu. Lakini siku moja nawe utakuwa na neno la kumwambia Bwana. Ikifika siku hiyo, tazama huku na huku uone nani yuko ndani wa kukusemea.

Kakako,
Shee


Nairobi
23 Juni 1957

Kwa Mzee Shee,

Mimi ni Namalwa. Hatujawahi kuandikiana. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hivyo vumilia. Nakuandikia kwa sababu Nashon hayupo, na nadhani ni haki ujue.

Barua yako ilipofika Nashon alikaa nayo siku nzima. Nzula alisema ichomwe. Mimi pia nilisema ichomwe. Nashon akajibu kwamba hata kama ameumizwa na aliyeandika, yaliyoandikwa ni kweli. Jumatano mchana alienda kwenye vyuma vya lango akamwita Mabruki kwa jina. Mabruki alikuja pole pole. Kabla hawajapeana, askari walimshika Nashon kwa nyuma, karatasi ikaanguka. Mabruki alipitisha mkono chini ya lango akaichukua. Nashon alitiwa garini. Walisema ameongoza mkutano bila ruhusa. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Kaeni chini. Msiinuke."

Tulikaa. Ni vigumu kukaa chini mtu wako akichukuliwa, lakini tulikaa.

Mabruki aliisoma, akaikunja, akarudi kazini. Nikasema basi, imekwisha. Kumbe ndani walikuwa na lao. Ijumaa ya kwanza Bwana aliwanyima ruhusa ya kwenda msikitini, wakarudi kazini. Ijumaa ya pili Mabruki akaenda ofisini kumwomba tena, na akamwuliza habari za kile chuma. Bwana akamwambia kwamba hapa kuna utaratibu, mwenye neno alipeleke barazani. Mabruki akauliza, "Wajumbe wa baraza ni akina nani?" Hata karani, ambaye ndiye aliyetusimulia, aliinamisha kichwa. Wajumbe walikuwa nje ya lango, na mmoja yuko korokoroni.

Tulisikia rola inazimika. Sauti ile ikikatika ghafla unasikia masikio yako mwenyewe. Wakatoka wote na kofia zao, wakapita katikati yetu, wakashuka kuelekea mjini kuswali. Bwana alifunga lango nyuma yao. Walipokuwa wanarudi, sisi hatukujua wanakuja kufanya nini, na vijana wetu wengine walikwisha okota mawe. Niliwaambia wayaweke chini. Mabruki alikuja mpaka mbele yangu. Aliomba kuona mkono. Niliufungua. Aliutazama muda mrefu, halafu akaketi pale pale mavumbini karibu nami, na wenziwe wakaketi.

Jumatatu hoteli zilikuwa zinatuma magari kuchukua tena mashuka yao yakiwa bado machafu. Afisa wa Kazi wa serikali alikuja, akaongea na Bwana kwanza, halafu na sisi. Chuma kimerudi kwenye rola. Mwezi ujao tutapiga kura kuchagua wajumbe wenyewe, na Bwana ametia sahihi. Mimi nimerudi, napokea mizigo mlangoni, kazi ya mkono mmoja. Vijana wako baadhi wamebaki, wengine wamepewa tikiti ya kurudi.

Nashon hakurudishwa. Walimpa naye tikiti, ya kwenda kwao Gem, na kitabu chake cha ruhusa kikapigwa muhuri kwamba asionekane Nairobi. Bwana alitukubalia mengi ila hilo. Tulipeleka ombi mara mbili. Hatukutoka nje tena kwa ajili yake. Watu walikuwa wamechoka, Mzee, na mimi nilikuwa mmoja wao. Hilo linaniuma kuliko mkono.

Namalwa


Yala, Gem
25 Agosti 1957

Kwa Shee,

Barua zako zote tatu nilizipata. Peres alizipanga juu ya meza kila siku mpaka nikachoka kuziona. Sikujibu kwa sababu nikianza kuandika jina lako, lori lile linashuka tena machoni. Nalima. Mahindi yametoka vizuri. Jirani wananiita "mtu wa baraza" na hawajui wakisema hivyo neno hilo linaniingia wapi.

Nakuandikia kwa sababu ya kura. Namalwa alinitumia habari kwamba yeye atapita bila shida, lakini kiti changu kimeleta ugomvi. Wapwani waliobaki wanamtaka Mabruki, na baadhi ya watu wetu pia. Wengine wanasema aliyekuja na lori kula kazi yetu hawezi kutusemea. Wakakubaliana waniulize mimi, na nitakalosema walifuate. Nilisema moyoni, mbona mnanitesa? Nilikaa na barua hiyo muda, nikalima nayo, nikaenda nayo kanisani.

Kila nikitaka kuandika hapana, naona kitu kimoja. Siku ile askari waliponikamata, mmoja alikuwa ameinua buti kukanyaga karatasi. Mabruki alitia mkono chini ya lango hata hivyo, na buti ikamshukia vidole. Namalwa hakuliona hilo, alikuwa ananitazama mimi. Mabruki hakuachia. Wakati huo hakuwa amejua ndani mmeandikwa nini. Alijua tu kwamba mimi ndiye nampa.

Niliwaandikia: mchagueni Mabruki. Wamemchagua. Kikao cha kwanza Namalwa alikaa kwenye kiti.

Sasa wewe. Watu wa hapa husema aliyekosea kwa hofu asamehewe upesi. Mimi si mwepesi hivyo. Najua habari za mama, za bandari, za vijana kurudi bila kuitwa. Ungeniambia mwezi wa Aprili ningekukasirikia labda wiki nzima, halafu tungekaa tupange sote wawili, na labda leo ningekuwa Nairobi. Kilichoniumiza si kile ulichosema kwa Mabruki. Ni kile ulichoninyamazia mimi, wakati mimi nilikuwa nakueleza yote.

Siwezi kuahidi tutakuwa kama zamani. Lakini Peres amenunua stempu mbili, na moja imebaki.

Andika ukitaka. Na ukipata tena barua ya Bwana yeyote, yenye ahadi nzuri ama mbaya, nitumie siku hiyo hiyo.

Nashon Odero